Diklorometani kwenye dawa ya kutoa rangi: kwa nini kichwa kiliniuma hata baada ya kutoka chumbani?

FundiMakabati ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni fundi wa samani, na kazi yangu kubwa kwa sasa ni kufufua makabati na milango ya zamani iliyopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Fundi aliyenitangulia aliniachia makopo matatu ya dawa ya kutoa rangi, na lebo inaonyesha kwamba kiungo kikuu ni diklorometani, ambayo imeandikwa pia kwa jina la kloridi ya methilini, pamoja na methanoli na nta. Sijaona dawa nyingine inayofanya kazi kama hii. Ukiipaka, baada ya dakika chache rangi inavimba na kujikunja kama ngozi iliyoungua, kisha inakwanguka yote kwa mkupuo mmoja na mbao inabaki safi.

Wiki iliyopita niliitumia kwa muda wa saa moja na nusu hivi katika stoo ndogo yenye dirisha moja, nalo nililiacha wazi. Nilivaa glavu nyembamba za bluu za nitraili na barakoa yenye vichujio vya mkaa. Harufu yake haikunikera hata kidogo; ina utamu wa mbali. Hata hivyo, nilipochutama kukwangua miguu ya kabati nilihisi kichwa kuwa chepesi, vidole vikaanza kuwaka ndani ya glavu, na maumivu ya kichwa yaliendelea hadi usiku ingawa nilikuwa nimetoka zamani na kupata hewa ya kutosha. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Nimesoma kwamba kemikali hii hutumika pia kuondoa kafeini kwenye kahawa, na kwamba haishiki moto kirahisi, nikadhani basi ni miongoni mwa zile za upole. Naomba anayeijua vizuri anieleze ni kitu gani hasa, na kama kuna namna ya kuimalizia makopo mawili yaliyobaki bila kujidhuru.

MwalimuKemia amejibu:

Ndugu FundiMakabati, nashukuru umeuliza kabla ya kufungua kopo la pili. Nitaanza na umbo lake, kwa sababu karibu kila kilichokupata katika ile stoo kinatokana na umbo hilo.

Molekuli ya diklorometani ni ndogo sana: kaboni moja, hidrojeni mbili na klorini mbili, CH2Cl2. Ni kimiminika kisicho na rangi, kizito kuliko maji (mililita moja ina uzito wa gramu 1.33), na huchemka katika nyuzi 39.6 za Selsiasi, yaani nyuzi mbili au tatu tu juu ya joto la mwili wako. Pengine umewahi kuona kile kindege cha kioo kinachoinama na kuinuka peke yake kikichovya mdomo kwenye maji. Kimiminika cha rangi kilichomo tumboni mwake kwa kawaida ni diklorometani. Ukikishika tumbo kwa kiganja, joto la mkono peke yake linatosha kukipandisha kimiminika hicho hadi kichwani. Sasa fikiria ubao mzima wa kabati uliopakwa kitu hicho hicho.

Udogo wa molekuli ndio siri ya kazi yake. Dawa hii haiyeyushi rangi iliyokauka kama maji yanavyoyeyusha chumvi. Inapenya katikati ya nyuzi za rangi, inazitanua, na tabaka linapotanuka linakosa mahali pa kukaa, hivyo linajing'oa kutoka kwenye mbao na kuvimba. Methanoli husaidia kupenya huko. Nta ipo kwa sababu nyingine kabisa: diklorometani inapovukizwa, nta huelea juu na kufanya utando mwembamba unaozuia iliyobaki isitoroke hewani. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikatazana kurudisha brashi nyuma na mbele. Dawa inapakwa kwa mkono mmoja mzito kuelekea upande mmoja, kisha inaachwa. Ukiivuruga unapasua utando huo, dawa inakauka kabla haijamaliza kazi, na yote inaingia katika hewa unayovuta.

Tufanye hesabu ya stoo yako. Sijui ukubwa wake, kwa hiyo tuchukue chumba cha mita 2 kwa 2 chenye kimo cha mita 2.5, ambacho kina hewa ya lita 10,000. Mililita 200 za diklorometani, kiasi cha glasi moja ya maji, zikivukizwa zote katika joto la kawaida hutoa lita 75 hivi za mvuke. Zikichanganyika sawasawa katika chumba hicho, hewa inakuwa na sehemu 7,500 za diklorometani katika kila sehemu milioni. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inahesabu sehemu 2,300 kwa milioni kuwa ni hatari ya papo hapo kwa uhai. Glasi moja tu, basi, inapita kiwango hicho zaidi ya mara tatu, nami nimechukulia kwamba mvuke umesambaa sawasawa, jambo ambalo halitokei. Mvuke wake ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa. Unamwagika kutoka kwenye ubao kama maji yanavyomwagika mezani, unakwenda sakafuni na kutulia huko. Dirisha lililo kwenye kimo cha kifua haliufikii. Ulipochutama kukwangua miguu ya kabati, uliingiza kichwa ndani ya dimbwi.

Kuhusu moto, ni kweli kwamba diklorometani haiwaki kirahisi, na sifa hiyo ndiyo iliyoifanya ipendwe viwandani badala ya viyeyushi vya jamii ya petroli. Lakini methanoli iliyomo kwenye kopo lako inawaka. Isitoshe, mvuke wa diklorometani ukikutana na mwali au chuma chenye joto kali huvunjika na kutoa kloridi ya hidrojeni pamoja na fosjini, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika chumba chenye mvuke huu hapaingii sigara, jiko, wala mashine ya kupuliza hewa ya moto.

Kahawa ni mfano mzuri wa jinsi kemikali moja inavyoweza kuwa na sura mbili. Diklorometani huchukua kafeini na kuacha sehemu kubwa ya ladha, na kwa kuwa inachemka katika joto dogo, mvuke wa maji unaifukuza kwenye buni kabla ya kukaanga. Sheria ya Marekani inaruhusu mabaki yasiyozidi sehemu 10 kwa milioni katika buni iliyokaangwa. Hayo ni mabaki madogo yanayopita tumboni, tena ya kitu kilichokwisha kufukuzwa. Wewe uliipokea kwa mapafu, mbichi, kwa dakika 90. Viwanda vya dawa pia huitumia kama kiyeyushi, na wengine hutengeneza kutokana nayo gesi ya R-32 ya viyoyozi, lakini kazi hizo hufanyika ndani ya mitambo iliyofungwa.

SeremalaMstaafu amejibu:

Mwalimu amesema yote kuhusu mvuke kukaa chini. Niongeze nilichokiona kwa macho.

Miaka mingi iliyopita nilipewa kazi ya kutoa rangi kwenye bafu la kuogea, lile la kulala, katika chumba kisicho na dirisha. Kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi alibaki kumalizia nami nikaenda kuleta msasa. Nilichelewa dakika ishirini. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti nje ya bafu, kifua kimelalia ukingo, kichwa na mikono vikining'inia ndani, brashi bado iko mkononi. Nilidhani anafikia pembe ya mbali. Nilimwita mara mbili kabla sijaelewa.

Nilimvuta kwa miguu hadi ukumbini, na katika muda huo mfupi tu wa kuinama juu ya bafu kumshika, masikio yangu yalianza kuvuma na magoti yakalegea. Alipona, Mungu ni mwema, lakini alikuwa na lengelenge kubwa shavuni pale uso ulipogusa dawa, na hakukumbuka hata kidogo kwamba alijisikia vibaya. Alisema alikuwa anakwangua, kisha akajikuta amelala ukumbini. Hakukuwa na kikohozi, kichefuchefu, wala onyo lolote katikati.

Baadaye nilijua kwamba hatukuwa peke yetu. Nchini Marekani walihesabu wafanyakazi 13 waliokufa kati ya 2000 na 2011 kwa kazi hiyo hiyo ya kutoa rangi kwenye mabafu kwa dawa za namna hii. Bafu ni beseni. Mvuke unalijaza kama maji, na fundi anaingiza kichwa humo kwa sababu kazi iko humo. Nakusihi, kijana wangu, usifanye kazi hii peke yako, na ukimkuta mwenzako ameanguka usikimbilie kuingia kabla ya kuita watu na kufungua milango, kwa sababu anayeingia kuokoa naye huanguka.

MuuguziAfyaKazini amejibu:

Nitajibu lile swali ambalo FundiMakabati amesema linamsumbua, yaani kwa nini kichwa kiliendelea kuuma hadi usiku.

Diklorometani ikiingia mwilini hufanya mambo mawili tofauti. La kwanza ni la haraka: inalewesha ubongo kama nusukaputi. Huo ndio wepesi wa kichwa ulioupata, na kipimo kikiwa kikubwa ubongo husahau kuamuru pumzi. Wengi waliofia ndani ya vyumba walikufa hivyo. La pili ni la polepole na ni wachache wanaolifahamu. Ini huichukua diklorometani na kuivunja, na moja ya mazao yake ni monoksidi ya kaboni, gesi ile ile inayotolewa na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Watafiti walilibaini jambo hili mwaka 1972. Gesi hiyo hushika himoglobini na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni. Tofauti yake na ya jiko ni kwamba ukitoka kwenye moshi wa mkaa, chanzo umekiacha nyuma. Hapa chanzo umeondoka nacho. Sehemu ya diklorometani hujificha kwenye mafuta ya mwili na kuachiliwa kidogo kidogo, ini likiendelea kutengeneza gesi, kiasi kwamba kiwango chake katika damu kinaweza kuendelea kupanda kwa saa kadhaa baada ya mtu kutoka chumbani, na huchukua muda mrefu zaidi kushuka kuliko cha mtu aliyevuta moshi. Siwezi kukupima kupitia maandishi, lakini maumivu ya kichwa yanayoendelea baada ya kutoka yanaendana kabisa na jambo hili.

Kutokana na hayo, mtu mwenye ugonjwa wa moyo hafai kabisa kukaribia dawa hii, kwa maana moyo wake ndio wa kwanza kulalamika oksijeni inapopungua. Kadhalika mjamzito, kwani gesi hiyo huvuka hadi kwa mtoto. Mvutaji wa sigara anaanza kazi akiwa tayari ana monoksidi ya kaboni kwenye damu.

Na tafadhali, siku nyingine likitokea, usiridhike na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Kinatambua rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyoshikwa na monoksidi ya kaboni ni nyekundu vilevile, hivyo kinaweza kusoma asilimia 98 ilhali mgonjwa yuko mashakani. Mwambie daktari neno "diklorometani" kwa kinywa chako na uombe kipimo cha damu cha kaboksihimoglobini, yaani himoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo.

Sasa nizungumzie vifaa ulivyovaa, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu ulijitahidi kujilinda. Glavu nyembamba za nitraili hupenywa na diklorometani ndani ya dakika chache. Kinachofuata ni kibaya kuliko kutovaa kabisa, kwa maana kimiminika kinafungiwa kati ya glavu na ngozi na hakiwezi kuvukizwa. Ndiyo ile hali ya kuwaka uliyoisikia vidoleni. Glavu zinazostahimili ni zile za tabaka nyingi za plastiki zilizogandishwa pamoja, zinazoonekana kama karatasi ya fedha na kukaa vibaya mkononi, ambazo watu huvaa ndani ya glavu nyingine ili wapate kushika vizuri. Zipo pia za plastiki iitwayo pombe ya polivinili, nazo huzuia diklorometani vyema, ila zenyewe huyeyuka zikiguswa na maji.

Vichujio vya mkaa navyo havifai. Kwa kuwa kemikali hii inapenda kuvukizwa, haitulii kwenye mkaa; inapita baada ya muda mfupi, nawe hutajua, kwa sababu pua ya kawaida huanza kuisikia ikiwa imefika kama sehemu 250 kwa milioni. Kikomo cha kazi cha saa nane kilichowekwa na OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, mwaka 1997 ni sehemu 25. Kwa maneno mengine, unapoisikia harufu ile tamu umekwisha kupita kikomo mara kumi. Kanuni hiyo hiyo ya 1997 ilikataa vichujio vya mkaa kwa kazi za kawaida na kutaka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje.

Kabla ya hapo kikomo kilikuwa sehemu 500. Mwaka 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikishusha hadi sehemu 2 kwa kazi chache zilizobaki kuruhusiwa, baada ya kupiga marufuku nyingine nyingi. Dawa za kutoa rangi zenye kiungo hiki zilikuwa zimekwisha kuondolewa kwa wanunuzi wa kawaida nchini humo tangu Novemba 2019, na katika Umoja wa Ulaya zilizuiwa kwa hatua hadi kufikia 2012. EPA yenyewe inataja vifo visivyopungua 85 tangu 1980. Aidha, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Ninapoona kikomo kikishuka kutoka 500 hadi 2 ndani ya kipindi cha kazi cha mtu mmoja, ninawafikiria mafundi waliofanya kazi yao yote chini ya ile namba ya kwanza wakiamini wako salama.

FundiMakabati amejibu:

Nawashukuru sana nyote, na Mzee SeremalaMstaafu pole kwa yaliyompata kijana wako. Nimesoma maelezo ya bafu mara tatu. Kabati nililokuwa nikilikwangua lina droo ya chini yenye kina, na nakumbuka vizuri kwamba niliingiza kichwa humo kutafuta rangi iliyobaki kwenye pembe.

Nimeamua kutoyatumia makopo yaliyobaki. Nimebakiwa na maswali mawili tu. Nitoe rangi kwa njia gani, na makopo haya niyafanye nini? Moja limevimba kidogo kwenye mfuniko, na mtu mmoja amenishauri nimwage tu dawa kwenye udongo nyuma ya karakana iache ivukizwe yenyewe.

MwalimuKemia amejibu:

Usimwage kwenye udongo. Kwa kuwa ni nzito kuliko maji na huyeyuka ndani yake kwa kiasi kidogo tu, haielei juu kama mafuta. Inazama, inapenya ardhini hadi kwenye maji ya chini na kukaa huko chini kabisa, mahali ambapo ni vigumu sana kuitoa. Hali kadhalika usiimwage kwenye sinki: itaharibu mabomba ya plastiki na mvuke utarudi chumbani. Kuiacha ivukizwe hewani nako si suluhisho, kwani ina klorini, na sehemu yake hufika juu kwenye tabaka la ozoni, ingawa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa kulinda tabaka hilo, hauidhibiti.

Kopo kuvimba maana yake ni kwamba mvuke umejaa ndani kwa sababu ya joto. Usilifungue likiwa hivyo, maana litatema dawa usoni. Liweke mahali penye kivuli na ubaridi, nje ya nyumba ya kulala, likiwa limesimama wima, na uliache lipoe usiku kucha. Mara nyingi mfuniko hurudi wenyewe. Usihamishie dawa kwenye chupa ya plastiki, kwa kuwa aina nyingi za plastiki huvimba au kulainika nayo; vipande viwili vya akriliki huunganishwa kwa kudondoshea tone lake katikati tu. Acha lebo isomeke, kisha uyakabidhi makopo kwa wanaopokea taka za kemikali, ukiwaambia kuwa ni kiyeyushi chenye klorini, kwa sababu hukusanywa mbali na viyeyushi vingine. Matambara na makapi ya rangi uliyokwangua wiki iliyopita nayo bado yanatoa mvuke, kwa hiyo yafungie kwenye kopo la chuma lenye mfuniko na uyapeleke pamoja.

Kwa kutoa rangi, tafuta dawa zenye pombe ya benzili, ambayo ni kiyeyushi, si pombe ya kunywa. Zinachukua saa kadhaa, wakati mwingine usiku mzima, pale ambapo diklorometani ilichukua dakika, na zinahitaji kufunikwa kwa nailoni zisikauke. Nazo pia zinahitaji hewa na glavu. Epuka zile zenye N-methilpirolidoni, ambayo ina madhara kwa mimba. Na kwa kuwa makabati yako ni ya zamani, pima kwanza kama rangi ina madini ya risasi kabla ya kupiga msasa mkavu au kutumia hewa ya moto; ikiwa imo, ikwangue ikiwa imeloa.

SeremalaMstaafu amejibu:

Kwa hiyo ya pombe ya benzili, paka jioni tabaka nene, funika kwa nailoni na ubonyeze viputo vyote vya hewa vitoke. Asubuhi jaribu pembe moja kwa chuma butu. Ikikataa, funika tena, usilazimishe, maana mbao iliyolowa hukwaruzika upesi. Milango minne ilinichukua siku sita kwa njia hiyo, na kazi yote niliifanya nje chini ya mti.